Nabi alichaguliwa mara tatu: Yanga na kiti cha kocha, 2019 hadi 2023

Machi 4, 2021 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja cha kuangalia mpira Manzese, Dar, kwenye benchi la mbao lililoegemezwa ukutani ili lisianguke. Yanga ilikuwa Mkwakwani, Tanga, inacheza na Coastal Union. Niseme mapema ili mtu asije akanituhumu baadaye: mimi ni Simba. Nilikwenda kuiangalia Yanga ikifungwa, kama wao wanavyokuja kutuangalia sisi. Na ikafungwa, 2-1, mchezo wake wa kwanza kupoteza kwenye ligi msimu ule.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akavua kofia yake ya kijani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akasema neno moja tu: "Kocha." Hakuna aliyemuuliza kocha kafanya nini. Siku tatu baadaye Yanga ilitoka sare ya 1-1 na Polisi Tanzania, Arusha, na Cedric Kaze akafungashiwa virago pamoja na benchi lake la ufundi. Yanga ilikuwa inaongoza ligi.

Kocha kafukuzwa akiwa kileleni. Mtu asiyeijua Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga, atadhani kuna siri, kashfa au ugomvi wa mshahara. Aliyekulia kwenye vijiwe vyetu haoni ajabu. Kisa hiki nakirudia kwa sababu mwezi mmoja na nusu baadaye klabu ileile, ikiongozwa na watu walewale, ilimleta kocha ambaye angeipa miaka miwili bora kuliko yote niliyoiona Yanga ikicheza, na sisi tukiwa tunakodoa macho. Nimesikia wengi wakisema Yanga "ilibahatika kumpata Nabi". Mimi nadhani bahati ilikuwa ndogo. Kazi kubwa haikufanyika siku ya kumtangaza, ilifanyika siku mbili ambazo wangeweza kumfukuza na hawakumfukuza.

Klabu ya bakuli

Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo hadi 2017, mfadhili na mwenyekiti akiwa Yusuf Manji. Mei 2017 Manji akajiuzulu, na ndipo ikaonekana kwamba jengo lote lilikuwa limesimama juu ya mfuko wa mtu mmoja. Mishahara ikachelewa. George Lwandamina akaondoka kurudi kwao Zambia. Akaja Mwinyi Zahera, Mkongo, na msimu wa 2018/19 ndio ule ambao Yanga ilitembeza bakuli, mashabiki wakichangishwa timu isafiri na kula. Sisi tulicheka sana. Hata hivyo Zahera na bakuli lake alimaliza wa pili kwa pointi 86, nyuma ya Simba yenye 93. Nikiangalia leo kikosi alichokuwa nacho, sijui aliwezaje.

Aliondolewa Novemba 2019, baada ya kutolewa na Pyramids ya Misri kwenye Kombe la Shirikisho. Charles Boniface Mkwasa, mtoto wa nyumbani, akashika timu kwa muda. Januari 2020 akaja Mbelgiji Luc Eymael, mwenye wasifu mrefu wa Afrika: alishapita AFC Leopards ya Kenya, na mwaka 2018 alichukua Kombe la Nedbank akiwa na Free State Stars ya Afrika Kusini. Kwenye karatasi hukuona kasoro. Machi alitufunga 1-0 kwa faulo ya Bernard Morrison, mji ukalala njano na kijani. Julai tukawapiga 4-1 nusu fainali ya Kombe la FA. Mwezi huohuo ikasambaa sauti ya Eymael akiwatukana mashabiki wa klabu iliyomwajiri, akiwafananisha na nyani. Yanga ikamfukuza, na hapo haikuwa na hiari nyingine.

Kwa kiti kilichobaki wazi, chaguo la kwanza lilikuwa Kaze, Mrundi. Matatizo ya kifamilia yakamchelewesha, klabu ikageukia kwa Mserbia Zlatko Krmpotić. Huyu naomba tumtazame vizuri, maana ndiye anayeonyesha ugonjwa ulikuwa wapi. Aliongoza mechi tano za ligi. Akashinda nne, akatoa sare moja. Mechi yake ya mwisho ilikuwa ushindi wa 3-0 dhidi ya Coastal Union, na baada ya hapo akafukuzwa. Pointi 13 kati ya 15, hajafungwa, na kazini hajatimiza hata mwezi mmoja na nusu.

Sababu iliyozungumzwa mitaani ni kwamba timu "haichezi". Sikatai, haikuwa inacheza. Ushindi wa 1-0 mara tatu mfululizo ulikuwa mchungu kutazama hata kwetu watani. Lakini timu iliyosajiliwa upya Agosti inatakiwa icheze biriani, soka la kuvutia, ifikapo Oktoba? Kilichomfukuza Krmpotić ni kwamba Kaze sasa alikuwa tayari. Aliyekalia kiti alikuwa wa muda bila kuambiwa kwamba ni wa muda.

Kaze kileleni, juu ya viporo

Kaze alianza Oktoba 2020 na mambo yakaenda. Novemba alitoka nasi sare ya 1-1. Januari 13, 2021, uwanja wa Amaan, alitufunga kwa penalti fainali ya Kombe la Mapinduzi baada ya 0-0. Niliisikiliza kwenye redio ya daladala, konda alikuwa Yanga, na nauli yangu nililipishwa na kejeli juu.

Halafu mzunguko wa pili ukaanza na gari likaanza kukohoa. Sare zikafuatana. Ile ya 3-3 na Kagera Sugar ndiyo iliyowatia watu wasiwasi, kwa sababu safu ya ulinzi ilikuwa ndiyo sifa ya timu ile. Yanga bado ilikuwa kileleni, lakini kileleni kwa hisani ya viporo. Simba ilikuwa na mechi mkononi kwa sababu ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Februari 23 ilikuwa imetoka kuifunga Al Ahly ya Misri 1-0 kwa Mkapa, uwanja wa taifa Dar, kwa goli la Luis Miquissone. Kila mtu aliyejua kujumlisha aliona kitakachotokea viporo vikiliwa.

Kwa hiyo simwoni mwenyekiti wa wakati huo, Dk. Mshindo Msolla, na kamati yake kama watu waliochanganyikiwa. Waliona kushuka kabla jedwali halijaonyesha. Kosa lao ni lile la mzee wa Manzese: walitaja kocha kabla ya kuuliza. Mshambuliaji aliyetegemewa, Michael Sarpong, alikuwa hafungi. Dirisha dogo lilikuwa limeleta watu ambao hawakubadili kitu. Kaze hakuwa amepewa hata dirisha moja kubwa la usajili la kwake, maana kikosi kilichosajiliwa Agosti alikuta kimeshapangwa.

Kwenye meza sasa kulikuwa na njia kadhaa. Ya kwanza, Juma Mwambusi aliyekabidhiwa timu amalize msimu, kocha mpya aje Julai akianza na ukurasa safi. Ndiyo njia ya kawaida, na ndiyo rahisi kwa mfuko. Ya pili, wamtafute mzawa wampe mkataba, jambo ambalo Yanga na Simba hulifanya pale tu nyumba inapoungua. Ya tatu, kumleta mgeni palepale, zikiwa zimebaki mechi chache, ubingwa ukiwa unateleza.

Walichukua ya tatu. Aprili 20, 2021 wakamtangaza Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyekuwa amefundisha Sudan, Libya na Misri. Kijiweni kwetu jina lake lilipokelewa kwa kicheko. Wasifu wake haukuwa mzito kuliko wa Eymael. Mechi ya kwanza chini yake, Aprili 25, ilikuwa dhidi ya Azam, na Prince Dube akafunga goli pekee. Kocha mpya, kichapo kipya. Tukasema huyu hafiki Agosti.

Miezi mitatu ya kutazama

Ninachokiona sasa, na sikukiona wakati ule, ni kwamba kumleta Aprili kulikuwa na faida ambayo hata kombe lisingeinunua. Nabi alipata wiki kadhaa za kuwatazama wachezaji kwenye mechi zenye presha, lakini yeye mwenyewe akiwa hana deni. Ubingwa ukienda Simba, na ulikwenda kwa pointi 83 dhidi ya 74, nani atamlaumu? Aliwatazama kwenye mikiki halisi, si kwenye mazoezi ya Avic Town. Aliwatazama hata kwenye kituko cha Mei 8, siku ambayo nilikuwa Kwa Mkapa na tiketi yangu mkononi. Mechi ilikuwa saa 11 jioni, ikasogezwa hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo. Yanga ikaja saa 11 kama ilivyopangwa mwanzo, wakapasha misuli, wakaingia kwenye basi, wakaondoka. Mechi haikuchezwa. Mashabiki wa pande zote mbili tulitembea hadi Mtoni tukibishana kanuni ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa amezisoma.

Ilichezwa Julai 3. Zawadi Mauya akapiga shuti dakika ya 12, likaingia, ikaisha 1-0. Wiki tatu baadaye Kigoma tukawafunga fainali ya FA, 1-0, goli la Taddeo Lwanga. Yanga ikamaliza msimu haina kombe la ligi wala la FA.

Lakini kocha alikuwa tayari anajua nani abaki na nani aende. Sarpong akaenda. Haruna Niyonzima akaagwa kwa heshima zake. Wakaja Djigui Diarra golini kutoka Mali, Djuma Shaban, Yannick Bangala, Khalid Aucho, na Fiston Mayele kutoka AS Vita. Hapa mtu wa Simba atanirukia: fedha! GSM, wadhamini wao! Ni kweli. Fedha za GSM, na mkono wa Injinia Hersi Said kwenye usajili, ndizo zilizowaleta. Bila hizo Nabi angekuwa Zahera mwenye lafudhi ya Kiarabu. Ila fedha za GSM zilikuwepo pia Agosti 2020, wakati wa Krmpotić, na zilimleta Sarpong. Tofauti ni kwamba safari hii kocha alikuwa amekaa na timu kabla ya hundi kusainiwa.

Tazama wawili tu, Aucho na Bangala. Yanga ya Kaze ilikuwa ikipata goli inarudi nyuma na kuomba muda uende. Ukiwaweka wawili hawa mbele ya mabeki, mpira hauombewi, unashikwa. Aucho anapokea akiwa amempa adui mgongo, anageuka taratibu kama mtu anayetafuta kiti kwenye harusi, na tayari Feisal Salum ameshakimbilia nafasi. Nililaani sana hiyo geuka yake. Bangala aliishia kuwa mchezaji bora wa msimu, na yeye kwa kazi yake hata si wa kufunga magoli.

Siku ya pili ya uchaguzi

Septemba 2021. Ligi ya Mabingwa, Rivers United ya Nigeria. Kwa Mkapa 0-1, kule kwao 0-1. Klabu iliyosajili vile, imetolewa raundi ya awali bila hata goli moja.

Kwa desturi ya Jangwani, makao ya Yanga, ya miaka miwili iliyotangulia, hapo kocha hufa. Zahera aliondoka kwa Pyramids. Krmpotić aliondoka kwa ushindi! Sasa huyu anabaki kwa lipi? Lakini baadhi ya wachezaji wapya, akiwemo Mayele, hawakuweza kutumika kwa sababu karatasi za uhamisho zilichelewa. Hilo ni kosa la ofisi. Kwa mara ya kwanza tangu Manji aondoke, niliona uongozi wa Yanga ukimezea lawama bila kumrushia kocha. Siku sita baada ya mechi ya marudiano, Septemba 25, Ngao ya Jamii: Mayele dhidi yetu, 1-0. Huo ndio uchaguzi wa pili wa Nabi, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko wa Aprili.

Oktoba likaja jambo ambalo sikuliamini nilipolisikia. Kaze alirudi, safari hii kama kocha msaidizi. Mtu uliyemtimua miezi saba nyuma unamrudisha akae kiti cha pembeni, chini ya aliyechukua kiti chake. Fikiria ni mwanaume wa namna gani anayekubali hilo, na ni kocha mkuu wa namna gani asiyeogopa kukaa na mtangulizi wake benchi moja. Sijawahi kusikia klabu yoyote ya kwetu ikikiri kosa la kufukuza kocha kwa maneno. Yanga ilikiri kwa mkataba.

Yaliyofuata tunayajua. Msimu wa 2021/22, mechi 30, ushindi 22, sare 8, kufungwa hakuna, pointi 74, ubingwa wa 28. Mayele akatetema, ndivyo alivyoshangilia magoli yake, mara 16, ingawa kiatu cha ufungaji kilikwenda kwa George Mpole wa Geita Gold mwenye 17. Fainali ya FA dhidi ya Coastal Union, Arusha, ikaisha 3-3 na Yanga ikashinda kwa penalti. Mfululizo wa kutofungwa kwenye ligi ulianza palepale baada ya kile kichapo cha Azam cha Aprili 25, ukafika mechi 49, na ukakatwa na Ihefu huko Mbarali, Novemba 29, 2022, 2-1. Siku ile nilinunulia watu soda. Si aibu kusema.

Na ya tatu

Kabla ya Ihefu palikuwa na Al Hilal ya Sudan. Oktoba 2022, Dar 1-1, Omdurman 0-1, Yanga nje ya Ligi ya Mabingwa kwa mara nyingine. Mara hii kelele zilikuwa kubwa kuliko za Rivers, kwa sababu sasa hakukuwa na karatasi za kulaumu. Kikosi kilikuwa kamili, Stephane Aziz Ki ameshafika, Hersi ameshakuwa rais wa klabu. Nakumbuka mashabiki wao wakisema Nabi ni kocha wa ndani ya mipaka, Afrika imemshinda. Hoja ilikuwa na uzito. Angekuwa mtu wangu ningeisema hata mimi.

Ikabaki Club Africain kwenye mchujo wa kwenda makundi ya Shirikisho. Dar, 0-0, na watu wakatoka uwanjani wakizomea. Mechi ya marudiano Tunis, nyumbani kwao Nabi. Kama kulikuwa na usiku wa kumtangaza kocha mpya, ungekuwa kati ya mechi hizo mbili. Hakutangazwa. Novemba 9 Aziz Ki akafunga, 1-0.

Kutoka goli lile Yanga ikaenda hadi fainali. Ilifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban, Juni 3, 2023, ikakosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini. Mayele akamaliza na magoli saba kwenye mashindano. Ubingwa wa ligi na Kombe la FA vikabaki Jangwani mwaka huo pia.

Sasa hesabu upande wetu, na hapa kalamu inanitoka kwa uchungu. Kwa muda wote ambao Yanga ilikuwa na Nabi, Simba tulianza na Didier Gomes, aliyeondoka Oktoba 2021 tulipofungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy. Akaja Pablo Franco, akaondoka Mei 2022. Akaja Zoran Maki, akaondoka Septemba. Juma Mgunda akatushikia timu, akaishika vizuri, na Januari 2023 akaja Robertinho. Tulikuwa tumeazima ugonjwa wa Jangwani wenyewe walipoanza kupona. Kila mmoja wa hao alikuwa na sababu yake ya kuondoka na kila sababu, ukiisikiliza peke yake, ilikuwa na mantiki.

Mtu atauliza: ina maana kocha asifukuzwe kamwe? Eymael ilikuwa lazima aende. Na sina hakika Kaze angechukua ubingwa wa 2021 hata angeachwa, kikosi hakikutosha. Ninachosema ni chembamba kuliko hapo. Yanga ilipomfukuza Krmpotić na Kaze ilikuwa inajibu matokeo ya Jumapili. Ilipomwacha Nabi baada ya Rivers na baada ya Al Hilal ilikuwa inajibu swali jingine, kama timu inaelekea pale kocha alipoahidi, na kama kilichoharibika ni chake. Klabu ileile, na presha mara mbili ya ile ya mwanzo.

Na hawakupona moja kwa moja. Nabi aliondoka Juni 2023 kwa hiari yake. Miguel Gamondi, Muargentina, akaja, akatupiga 5-1 Novemba 5 mwaka huohuo, akachukua ubingwa wa 2023/24. Novemba 2024 akafungwa na Azam, kisha Tabora United 3-1, mechi mbili mfululizo, na akafukuzwa. Siku hiyo nilipita Manzese kwa makusudi. Kibanda kile kimegeuka duka la vifaa vya simu.

Kaze alimfuata Nabi hadi Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, tena kwenye kiti cha pembeni, na Mei 2025 wakachukua Kombe la Nedbank kwa kuifunga Orlando Pirates 2-1. Nabi alipoondoka huko miezi michache baadaye, mmoja wa wawili waliokabidhiwa timu alikuwa yeye, Mrundi aliyefukuzwa Dar akiwa kileleni.